Chai ya Nyongo

Walisema Leobardo ameingia na kiberiti kwenye banda la baruti. Hivyo tu. Hakuna aliyesema ameona kwa macho yake, na hakuna aliyesema amesikia kwa nani. Doña Hermila aliipata habari hiyo kwenye foleni ya tortilla, zile chapati za mahindi, kikapu mkononi, na tangu pale ikamganda kama unga mbichi kwenye vidole. Ukiufuta huku, umehamia kule.

Aliyeileta ni jirani yake, Doña Eduviges, mwanamke asiyeweza kutunza siri hata ya umri wake mwenyewe.

"Shoga, umesikia ya mwanao?"

"Yapi tena?"

"Eti Jumamosi alikuwa na kiberiti mle ndani. Mimi sisemi ni kweli. Nasema wanavyosema."

"Leobardo yupi huyo?"

"Kwani hapa San Hipólito tuna Leobardo wangapi wenye hasira?"

Wanawake waliokuwa mbele wakageuka. Mwenye mashine ya tortilla akaizima kabisa ili asikie vizuri. Doña Hermila akacheka kidogo, kile kicheko cha kuwaomba watu waachane na jambo, akafunika tortilla zake akaondoka. Njiani akajikuta anatembea haraka, halafu akatembea polepole. Alikuwa amechoka kabla habari haijaanza.

San Hipólito ni mji unaoishi kwa kutengeneza fataki. Kila nyumba ina mtu karakana, na kila ukoo una mtu aliyezikwa jeneza likiwa limefungwa. Mtu anaweza kumwibia jirani kuku akasamehewa. Anaweza kuacha mke, akarudi, na watu wakamsalimia. Lakini mtu aliyekutwa na kiberiti bandani haulizwi alitaka kufanya nini. Banda lile lina watu ndani, na watu wale wana watoto.

Ndiyo maana kuna desturi ya geti. Don Anastasio, mwenye karakana, ambaye pia ni baba wa ubatizo wa Leobardo, husimama getini kila asubuhi na kumuuliza kila mwanamume swali moja: umeamkaje? Anayejibu "salama" huingia bandani kwenye baruti. Anayejibu "nimeamka na nyongo" hukaa uani, chini ya bati, akasokota mirija ya karatasi pamoja na wanawake mpaka jioni. Mtu mwenye hasira hashiki baruti. Walioiweka desturi hiyo walikuwa wameshazika watu, walijua wanachofanya.

Lakini Don Anastasio sikio moja limekufa kwa mlipuko, na hilo lingine husikia linapotaka. Kwa hiyo jibu lazima upige kelele, na mtaa mzima usikie. Na mwanamume akipiga kelele kwamba ana nyongo, wenzake hawamwachi. "Karibu, bibi harusi, kiti chako hiki!" "Mleteeni na aproni!" Basi miaka ikaenda, na kila asubuhi ya Mungu wanaume wote wa San Hipólito wakawa wameamka salama. Kuwapekua mifuko, hilo halikuwahi kufanyika. Kumpekua mtu mzima ni kumwita mtoto. Neno lake lilitosha.

Doña Hermila alijua Leobardo hakuamka salama siku nyingi. Nani ajue kama si yeye, anayechemsha ile chai?

Kwao mtu akikasirika nyongo hutibuka, ikamwagika tumboni. Dawa yake ni majani machungu, unayachemsha mpaka maji yawe meusi, mgonjwa anayameza bila sukari. Mwiko wake ni parachichi, yai, maziwa na nyama ya nguruwe, mpaka nyongo itulie. Mtu akishtuka, hiyo ni habari nyingine: hupewa kipande cha mkate mkavu, atafune polepole, roho irudi mahali pake. Mkate ni wa watoto na wanawake. Wanaume huchemshiwa chai. Doña Hermila alimchemshia marehemu mumewe, Crispín, maisha yao yote ya ndoa, na Crispín alipokufa kwa ini sufuria ile haikupata hata nafasi ya kukauka. Leobardo alikuwa ameshakua.

Alimkuta mkwewe, Yadira, mke wa Leobardo, jikoni, ameinamia kikapu cha matunda.

"Mama, njoo uone." Yadira akanyanyua parachichi jeusi, laini, likambonyea kiganjani. "La tatu hili. Tangu Pasaka nanunua, yanaoza. Kila yakiiva, mwenye nyumba ana nyongo."

"Ungekula wewe na mtoto."

"Tunakula tukijificha, kama wezi. Juzi Citlali kaniuliza, mama, baba akipona tutakula parachichi mezani?" Akalitupa kwenye ndoo ya maganda. "Nikamwambia ndiyo. Mtoto wa miaka minne, nishaanza kumdanganya."

Doña Hermila akaketi. Alitaka kumwambia habari ya kiberiti, akashindwa pa kuanzia. Alichosema ni kile alichozoea kusema, maneno yaliyokuwa yameshika njia ya mdomo wake yenyewe.

"Ni ugonjwa, mwanangu. Baba yake alikuwa hivyo hivyo. Vumilia."

"Na baba yake alipona?"

Doña Hermila akaanza kupanga tortilla.

Leobardo alirudi jua likiwa bado lipo. Hilo peke yake lilikuwa baya, maana zilikuwa zimebaki siku chache kufika sikukuu ya mtakatifu wa mji, na kipindi kile karakana hufanya kazi mpaka giza. Mwaka huu alikuwa amepewa taji, yaani sehemu ya juu kabisa ya mnara wa fataki, ile inayong'oka mwishoni na kupaa angani inazunguka huku mji mzima umeinua videvu. Crispín ndiye aliyekuwa akilifunga. Kwa Leobardo ilikuwa mara ya kwanza.

Aliingia bila salamu. Akavuta kiti kama anakigombeza. Yadira na Doña Hermila wakatazamana, kisha wakafanya walichofanya siku zote: Yadira akashusha sauti ya redio, Doña Hermila akamsogeza Citlali upande wa pili wa meza. Hakuna aliyewaambia. Walikuwa kama watu wanaoingiza nguo ndani wakiona wingu.

"Mama," alisema Leobardo, akiiangalia meza. "Kesho unatakiwa getini."

"Mimi? Kufanya nini?"

"Don Anastasio kasema mbele ya watu, kesho njoo na mama yako, yeye ndiye aseme umeamkaje." Taya likamcheza. "Kama mtoto wa shule. Macedonio kaniuliza kama nitaletwa nimeshikwa mkono."

"Kwa nini amesema hivyo?"

"Watu wana midomo."

"Mdomo gani, Leobardo? Wa kiberiti?"

Akanyanyua macho. Mama mtu akajuta papo hapo. "Kumbe umesikia," Leobardo akasema. "Haya. Kesho utasema nimeamka salama. Basi."

"Na kama hujaamka salama?"

"Mama. Utasema nimeamka salama."

Wakati huo Yadira alikuwa ameshaweka sahani mbele yake: mayai yaliyokaangwa na nyanya, kwa sababu siku ile ndani hapakuwa na kingine. Doña Hermila akayaona. Hakufikiri. Mkono wake ulienda wenyewe, ukaivuta sahani.

"Yai la nini tena, binti? Huoni amekuja na nyongo?"

"Nani amesema nina nyongo?" Leobardo akasimama. "Nani? Kila mtu ndani ya nyumba hii ananipima! Nyongo, nyongo, mnaninusa kama maziwa!" Akaichukua sahani mikononi mwa mama yake akaibamiza ukutani. Ilipasukia kando ya kabati, pale Citlali anapowekaga viatu vyake. Nyanya ikateremka ukutani polepole.

Kilichofuata ndicho ambacho Doña Hermila hakuweza kukisahau, zaidi ya sahani, zaidi ya kelele. Citlali hakulia. Aliteremka kwenye kiti chake taratibu, akavipita vipande vya sahani kwa uangalifu, akaenda kwenye sinki, akapanda kigoda, akachukua kikombe cha bati cha babu yake. Akakileta kwa mikono miwili, kitupu, akamnyooshea baba yake.

"Chai yako, baba. Usile yai."

Leobardo akakipokea. Akakitazama ndani kana kwamba kina kitu. Halafu akatoka uani, akakaa kwenye ngazi, mgongo kwa mlango.

Yadira alikuwa ameshachukua mfuko. Hakuwa analia wala hakuwa anakimbia; alikunja nguo za mtoto moja moja, kama mtu aliyekwisha kuzikunja kichwani mara nyingi.

"Naenda kwa dada yangu, Chole."

Mara mbili zilizopita Doña Hermila alikuwa amesimama mlangoni akasema, mwanangu, jirani watasema nini, ni ugonjwa, kesho ataamka mwingine. Safari hii alitafuta maneno hayo, hayakuwepo. Aliona tu vidole vidogo kwenye mpini wa kikombe. Aliona jinsi vilivyokuwa vimejifunza bila mtu kuvifundisha. Huyu naye atakuwa mke wa mtu.

"Nipe mfuko huo," alisema. "Mzito. Nitakusindikiza."

"Hunizuii leo?"

"Nimechoka, Yadira."

Wakapita kwenye mlango wa mbele. Leobardo aliwasikia, lazima aliwasikia. Hakugeuka.

*

Asubuhi ilikuwa na manyunyu. Leobardo alijichemshia kahawa mwenyewe, akihangaika na jiko ambalo mara zote Yadira ndiye huliwasha. Doña Hermila alimsikia anafungua makabati na kuyafunga. Hakuuliza mkewe yuko wapi. Alivaa buti, akavaa koti la baba yake, wakatoka.

Njia nzima alitembea hatua mbili mbele. Getini wanaume walikuwa wamejaa kuliko kawaida. Wengine zamu zao za kuulizwa zilikuwa zimeshapita, lakini kila mmoja ghafla alikuwa na kamba ya kufunga au kiatu cha kukung'uta matope. Macedonio, mwenye ulimi mrefu kuliko wote, aliegemea ukuta anakula hindi la kuchoma.

"Ona, wamefika! Mama, umemletea na chakula cha saa nne?"

"Nyamaza, Macedonio, meno yenyewe yanakuhama," akajibu Doña Hermila, na watu wakacheka. Kwa kitambo kidogo akadhani labda yatapita hivyo, kwa utani.

Don Anastasio akavua kofia. Alikuwa mzee mfupi, mpole, anayekukazia macho mdomoni kwa sababu ya masikio.

"Doña Hermila, nisamehe kukutoa nyumbani kwenye mvua. Huyu ni mtoto wangu pia. Mimi nilimshika akimwagiwa maji ya ubatizo. Nikimuuliza yeye, ataniambia salama. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Ameamkaje?"

Mvua ikadondoka kwenye bati. Doña Hermila alimtazama mwanawe. Hakuona jitu. Aliona mwanamume mwenye macho mekundu, asiyelala, mkono mmoja unavuta pindo la koti bila kukoma. Akisema salama, ataingia mle na mkono ule. Humo wamo watu kumi na ushee, akiwemo huyu Macedonio na utani wake, mwenye mapacha wachanga nyumbani. Akisema nyongo, atamvua nguo mwanawe mbele ya mtaa. Taji litapewa mwingine, na hasira yote itarudi nyumbani kutafuta pa kutua. Kisha akakumbuka: nyumbani hakuna mtu. Jana alibeba mfuko. Hasira ile haikuwa na pa kutua tena ila kwake yeye.

"Ana nyongo," alisema.

"Eti?" Don Anastasio akasogeza sikio.

Hapo ndipo alipomchukia mzee yule, dakika moja, kwa moyo wake wote.

"Nasema ameamka na nyongo!" Sauti ilimtoka kali, ikapasuka mwishoni. "Jana alilala na nyongo, na juzi, na tangu Pasaka! Mimi namchemshia chai na kumwambia aje aseme salama! Asiingie!"

Kisha Macedonio, kwa sababu hakuweza kujizuia hata angekuwa kanisani, akasema, "Haya, bibi harusi, kiti chako hiki."

Leobardo akamgeukia. Kila mtu aliona mabega yakipanda. Halafu, ili mikono isifanye ilichotaka kufanya, akaisokomeza yote miwili ndani ya mifuko ya koti.

Akaganda hivyo hivyo.

Akautoa mkono wa kulia polepole. Kiganjani mlikuwa na kiberiti. Kilekile cha jikoni, chenye picha ya jogoo, ambacho alikuwa amewashia jiko la kahawa asubuhi ile na kukitia mfukoni bila kujua.

Wanaume wakarudi nyuma, wote kwa pamoja, kama maji. Hindi la Macedonio lilikuwa chini kwenye tope. Leobardo alikitazama kile kiberiti vilevile alivyokitazama kikombe kitupu jana yake.

"Sikujua," alisema. Hakuna aliyemwuliza. "Baba, naapa kwa Mungu sikujua kiko humu."

Don Anastasio akakichukua kwa vidole viwili, akakitumbukiza kwenye pipa la maji lililo kando ya geti. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Nakuamini hukujua," alisema. "Hilo ndilo linaloniogopesha. Nenda, mwanangu. Leo nenda tu."

*

Leobardo alishuka njia ya mashamba, si ya nyumbani. Doña Hermila akamfuata. Goti lilimuuma, tope lilishika viatu, na mara mbili alifikiri kurudi. Lakini mama hurudi wapi? Alimkuta ameketi kwenye ukingo wa birika la zamani la kufulia, mahindi yamesimama marefu nyuma yake. Akaketi naye, nafasi ya mtu mmoja katikati. Yale maneno yake ya ugonjwa aliyameza. Hii peke yake ilikuwa kazi kuliko kupanda kilima.

"Umeniaibisha," alisema Leobardo.

"Ndiyo."

"Mbele ya Macedonio."

"Macedonio yuko hai. Atakucheka mpaka azeeke. Nimeridhika."

Akatoa pumzi iliyokaribia kuwa kicheko, ikaharibika njiani. Alipozungumza tena alikuwa anaongea na maji ya birika.

"Jumamosi pia nilikuta kimo. Mchana, nakaza kamba za taji, naingiza mkono kutafuta kisu, nakuta kiberiti. Asubuhi ile nilikuwa nimegombana na Yadira kisa soksi. Soksi, mama! Nikaenda nikakitupa chooni. Nilidhani hakuna aliyeniona."

"Na ukaenda ukaendelea na kazi."

"Nikaendelea." Akafuta uso kwa mkono wa koti. "Mimi siyo mtu wa kuchoma watu. Nikiwa hivyo sijui... Taya linabana. Masikio yanajaa. Naona kitu kimoja tu kilicho mbele yangu, vingine vyote vinapotea. Mikono sijui iko wapi. Siioni mifuko yangu mwenyewe."

"Inaanza lini?"

"Eh?"

"Hiyo. Inaanza lini? Baba yako sikumuuliza. Nilimchemshia tu."

Leobardo akafikiri. Ilionekana ni swali ambalo hata yeye hakuwahi kupewa.

"Safari hii ilianza waliponipa taji," alisema. "Ile Jumatatu ya Pasaka. Watu wakanipigia makofi. Mimi nikaangalia juu kwenye ule mlingoti, nikaona kama marehemu baba yuko pale anafunga, anatukana, na nikasema moyoni, siwezi. Nitakosea utambi mmoja, litang'oka vibaya, litawaangukia watu. Kila usiku naliota linaanguka. Kisha naamka, Yadira ananiuliza soksi zipi."

"Kumbe hukuwa na hasira. Uliogopa."

"Yote mawili. Sijui. Inaingia hivi, inatoka vile." Akacheka kwa uchungu. "Ningesema nini getini? Nimeamka na hofu? Anastasio angeniambia eti? Na mimi nirudie?"

Doña Hermila aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni kutafuta kitambaa. Akakuta kipande cha mkate, cha jana, kigumu kama kipande cha ubao. Alikuwa amekichukua asubuhi kwa ajili yake mwenyewe, kwa sababu alijua atakayoyakuta getini yatamshtua.

Akakimega, akampa nusu.

"Huu wa nini?"

"Wewe unadhani wa nini?"

Leobardo akautazama. Mara ya mwisho kupewa mkate ule alikuwa na kimo cha Citlali, mbwa amemkimbiza. Baada ya hapo aliambiwa ameshakuwa mwanamume. Akauweka mdomoni. Ulikuwa mkavu, ikambidi autafune muda mrefu, na wakati anatafuna hakuweza kusema neno wala kukunja taya. Machozi yalishuka, akayaacha. Mama yake naye akatafuna wa kwake, akiangalia mahindi, asimwangalie yeye.

Hawakukumbatiana. Walirudi nyumbani mvua ikiwanyeshea, na Leobardo akaokota vipande vya sahani vilivyokuwa bado chini ya kabati.

*

Asifikiri mtu kwamba mambo yalinyooka siku ile. Mnara ulisimamishwa bila yeye. Taji alilifunga mtu mwingine, likapaa vizuri, na Leobardo alilitazama akiwa nyuma ya umati, kofia imeshuka usoni. Asubuhi hukaa chini ya bati anasokota mirija na wanawake, na Macedonio bado humwita bibi harusi. Asubuhi moja Macedonio mwenyewe alifika getini, mapacha walikuwa na homa, akasimama mbele ya Don Anastasio, neno salama likamshinda. Kisha akaja akavuta kiti chini ya bati, akasema kwa sauti ndogo, "Sogea, shoga." Leobardo akasogea.

Yadira bado yuko kwa Chole. Leobardo alimtuma mama yake apeleke ahadi yake ya kubadilika. Doña Hermila alifika mpaka mlangoni kwa Chole, akafikiri, akasema, "Nimetumwa, lakini sisemi. Atakuja mwenyewe." Yadira akampa kahawa. Sasa huja na mtoto Jumapili mchana, wanakula, wanaondoka jua likiwapo. Jumapili iliyopita alikata parachichi, akaliweka katikati ya meza, akasubiri. Leobardo alikuwa amekuja amenuna, kila mtu aliona. Akaliangalia, akaangalia mlango. Akasema, "Naomba nitoke nitembee kidogo. Nitarudi. Mniachie kipande." Akatoka. Doña Hermila alikaa amekishika kiti kwa mikono miwili, masikio yote njiani, mpaka aliposikia buti zinakung'utwa tope mlangoni.

Ile sufuria ya chai ameipanda maua. Sikio lake bado linasikiliza usiku na mchana, na huenda halitaacha. Kwa wenye wana, wenye waume, na wenye watoto wadogo mezani, haya ndiyo ya kuepuka:

Parachichi, yai, maziwa, nguruwe: hayo siyo. Kuleni.

Usimjibie mwanao ameamkaje. Na ukiulizwa, usidanganye.

Usimwambie mwenye hasira kwamba ana hasira wakati sahani iko mkononi mwake.

Usimwambie mke wa mwanao avumilie. Umbebee mfuko.

Usipeleke ahadi ya mtu mwingine.

Usimruhusu mtoto achukue kikombe.

Usimcheke anayesema ukweli getini. Hata kidogo, hata kwa utani.

Mwanamume: usiguse kazi, chombo wala mtu kabla hujajua mikono yako iko wapi. Pindua mifuko.

Usiseme nyongo kama ni hofu.

Usimnyime mtoto wa kiume mkate kwa sababu amekua.